Ukuta Usiumie: Mwongozo Kamili wa Kufuta na Kuzuia Maandishi ya Ukutani, Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Pita Barabara ya India asubuhi, jua halijawa kali, utazame kuta tu. Namba ya simu ya fundi wa kuzibua vyoo imeandikwa kwa brashi nene. Jina la kijiwe limepuliziwa rangi nyeusi. Kuna moyo uliochorwa kwa mkaa na herufi mbili ndani yake, na pale konani gundi ya picha za wagombea imekauka tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Mengi ya haya yanaweza kutoka kwa siku moja ya kazi. Shida ipo kwenye namna tunavyoyatoa.

Naishi Dunda, na kwa miaka kadhaa nimeshika ndoo na brashi pamoja na majirani kila tulipokuta ukuta umechafuliwa. Nilichokiona, na ndicho kilichonisukuma kuandika, ni kwamba kuta za Mji Mkongwe zimeumizwa na wafutaji kuliko waandikaji. Wino wa maka, ile kalamu nene ya wino usiofutika, hukaa juu juu ya chokaa. Maji ya betri yanayomwagwa kuufuta wino huo hula chokaa mpaka kwenye jiwe. Uchochoroni kwetu kuna ukuta wenye kidonda cha ukubwa wa sinia, mahali palipokuwa na neno moja la herufi tano. Tulilifuta sisi wenyewe kwa brashi ya waya na maji ya betri, na jioni ile tulirudi nyumbani tumefurahi. Masika yalipoingia, plasta pale ikaanza kumomonyoka. Neno lile lingebaki, ukuta ungekuwa mzima hadi leo.

Hatua ya 1: Soma kabla hujafuta

Si kila alama ukutani ni uchafu. Kabla ya kulowesha brashi, jua unachokitazama.

Alama nyekundu ya X mara nyingi imewekwa na mamlaka, kwa mfano kwa sababu ya hifadhi ya barabara. Kuifuta hakuondoi amri iliyo nyuma yake, na kunaweza kukutia matatani. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au wa kata uulize. Namba za anwani za makazi ziache. Maneno "Nyumba hii haiuzwi" kwa kawaida huandikwa na mwenye nyumba au ndugu zake, na nyuma yake mara nyingi pana mgogoro wa mirathi. Usiyaguse kabla hujaongea nao.

Halafu kuna michoro ya zamani. Katika pwani yetu, mabaharia na wenyeji walichora vyombo vya bahari kwa ncha kali kwenye plasta ya chokaa. Michoro ya namna hiyo ipo Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gedi kule Kenya, na wataalamu huisoma ili kujua matanga na maumbo ya vyombo vya karne zilizopita. Ukiona mikwaruzo ya zamani kwenye ukuta mkongwe, iliyofifia na kupakwa chokaa tabaka kwa tabaka, simama hapo hapo. Piga picha, kisha upeleke taarifa ofisi ya Mambo ya Kale. Mkwaruzo wa msumari wa juzi una kingo nyeupe na unga wa chokaa bado unaonekana. Wa zamani una rangi ile ile ya ukuta. Ukisitasita, uhesabu kuwa ni wa zamani.

Hatua ya 2: Picha na ruhusa

Piga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha nyumba nzima, uandike tarehe. Picha hizi ni za mwenye nyumba na serikali ya mtaa. Zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp, hasa kama kilichoandikwa ni tusi la kumtaja mtu. Tusi ukutani linasomwa na wapita njia mia. Likiingia kwenye simu halina mwisho, na anayeumia ni yule jirani, mara nyingi msichana.

Ruhusa ni lazima, hata kama unafanya wema. Kwetu inakwenda hivi:

"Hodi! Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Tumeona ukuta wako wa nyuma umeandikwa usiku. Tunaomba tukusaidie kuufuta. Huu ukuta ni wa chokaa au ulishapigwa saruji?"

Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mwenye nyumba anajua baba yake alipiga nini mwaka gani, jambo ambalo macho yako hayawezi kukuambia.

Nyumba ikiwa ya kale au ipo ndani ya eneo la hifadhi, serikali ya mtaa pekee haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya namna hiyo, kwa hiyo pita ofisi ya Mambo ya Kale hata kama ni kwa kazi ya nusu saa. Kwenye majengo kama Ngome Kongwe, Karavanserai (kituo cha kale cha misafara) au Boma la Wajerumani la mwaka 1897, mkazi hatakiwi kugusa kitu. Kazi yako ni kutoa taarifa.

Hatua ya 3: Ujue ukuta wako

Nyumba za kale za Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na mchanga, kisha zikapigwa plasta ya chokaa na kupakwa chokaa nyembamba juu. Jiwe la tumbawe lina vitundu, nalo hunywa maji kutoka chini na kutoka kwenye hewa ya bahari. Maji hayo hayana budi kutoka, na njia yake ni kupitia plasta ya chokaa. Ukiziba njia hiyo kwa saruji au rangi ya mafuta, maji hubaki ndani na chumvi hujikusanya nyuma ya rangi. Chumvi ikikauka hukua kama fuwele na kusukuma. Ndiyo maana unaona rangi ya mafuta ikivimba malengelenge na kubanduka kwa vipande pamoja na plasta.

Kuutambua si kazi ngumu. Kwaruza kwa ukucha mahali palipojificha. Chokaa huacha unga mweupe kidoleni, saruji haikwaruziki. Dondosha tone la maji: ukuta wa chokaa usiopakwa rangi hulinywa mara moja, wakati kwenye rangi ya mafuta tone huteleza. Gonga kwa kifundo cha kidole pia. Sauti ya uwazi maana yake plasta imeachana na jiwe, na hapo usisugue kabisa kabla fundi hajaja.

Vitu vifuatavyo visiguse kamwe ukuta wa chokaa: maji ya betri, dawa ya kusafishia choo yenye asidi, siki, maji ya ndimu, brashi ya waya, msasa wa mashine, na mashine ya kuoshea magari. Asidi huyeyusha chokaa, hata ile ya ndimu. Maji ya kasi hupasua plasta na kuingiza maji ndani ya jiwe kwa wingi kuliko mvua ya masika.

Hatua ya 4: Kufuta

Jaribu kwanza eneo la ukubwa wa kiganja, pembeni, usubiri hadi kesho yake. Anza na njia laini kuliko zote, uongeze nguvu pale tu ile laini iliposhindwa.

Mkaa ndio unaowakosesha watu wengi, kwa sababu mkono unakimbilia maji. Maji huusukuma unga mweusi ndani ya vitundu, na doa dogo huwa wingu la kijivu. Mkaa ufutwe mkavu. Pangusa kwa brashi laini ya rangi kutoka juu kwenda chini, kisha gandamiza sponji kavu au kifutio cha penseli, kipande kwa kipande, ukigeuza upande safi kila mara. Mkate mweupe laini nao hufanya kazi hii vizuri, ila pangusa makombo yote yasiite sisimizi. Kinachobaki kitafunikwa na chokaa. Chaki ya watoto nayo hupanguswa kavu, na dodoki lenye unyevu humalizia.

Karatasi zilizobandikwa zisichanwe. Zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, subiri robo saa, lowanisha tena, halafu zibandue kwa kipande cha plastiki au mti. Sikrepa ya chuma huchimba. Gundi iliyobaki kwenye geti la chuma au kioo hulainika kwa mafuta ya kula, kisha unaosha kwa sabuni. Kwenye chokaa usithubutu kupaka mafuta, kwa kuwa doa lake halitoki.

Maka na rangi ya kupuliza kwenye chokaa ndiyo kazi kubwa, nami nitakaa hapo kidogo. Ukisugua kwa kitambaa chenye thina, rangi huyeyuka na kuzama ndani zaidi, halafu inaenea. Inatakiwa ivutwe nje, kama jipu linavyobandikwa dawa ya kulivuta. Chukua unga wa chaki au udongo mfinyanzi mweupe uliokauka na kuchekechwa. Changanya na spiriti kwa wino wa maka, au thina kwa rangi ya kupuliza, mpaka upate uji mzito usiochuruzika. Upake juu ya maandishi kwa unene wa kidole kimoja, uvuke kingo za maandishi kidogo. Funika kwa nailoni na ubandike pembe zake, ili dawa isikauke haraka. Acha saa mbili hadi nne. Ondoa nailoni, uache uji ukauke wenyewe. Ukikauka unavuta rangi, na utaona umebadilika rangi. Ukwangue kwa kipande cha mti, usiusugue. Rudia na uji mpya, mara mbili, tatu, hata tano. Mara ya kwanza utakata tamaa, ya tatu utaanza kuona ukuta.

Thina na spiriti vinawaka moto na mvuke wake unalevya. Fanya kazi mahali penye upepo, bila jiko, sigara wala kibatari karibu, vaa glovu na miwani, na watoto wakae mbali. Matambara yaliyolowa thina yaanikwe nje yakauke kabisa kabla ya kutupwa, yasirundikwe ndani. Petroli usiitumie hata kidogo. Mafuta ya taa nayo huacha doa la mafuta.

Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi nene kwenye chokaa wakati mwingine haitoki yote. Hapo ukweli ni mgumu: chokaa mpya haishiki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka kama magamba. Fundi wa chokaa atalazimika kubandua tabaka lile la plasta, kina cha milimita chache, na kupiga jipya. Plasta hiyo iwe sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Saruji hapana, hata kijiko.

Ukuta wa saruji uliopakwa rangi ya maji ni rahisi: unapaka upya. Ila wino wa maka na rangi nyekundu hupenya rangi ya maji, wiki moja tu maandishi yanachungulia tena. Paka kwanza andakoti ya mafuta juu ya maandishi, ikauke, kisha rangi ya maji mikono miwili. Usipake kiraka katikati ya ukuta, maana kiraka cha mraba kinamwalika mwandishi mwingine kama ubao. Paka kutoka kona hadi kona, au kama ukuta una mkanda wa chini wa rangi tofauti, paka mkanda wote hadi kwenye mstari wake wa juu. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo pima kabla ya kwenda dukani.

Matofali ya bloku yasiyopigwa plasta husafishwa kwa sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ngumu ya nailoni. Mabati na mageti huitikia thina kwenye kitambaa, lakini thina hiyo hiyo huondoa rangi ya geti, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Milango ya kuchongwa ni habari nyingine. Usipige msasa. Usimwage thina. Mchongo wa mlango ukishalainishwa kingo zake haurudi. Pangusa vumbi, piga picha, mwite fundi wa milango.

Hatua ya 5: Chokaa ya kumalizia

Baada ya kufuta, ukuta wa chokaa hubaki na kivuli cha maandishi. Hiki hufichwa kwa chokaa nyembamba. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye maji ndani ya ndoo yenye mfuniko angalau wiki mbili. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ukipata chokaa hai iliyotoka tanurini, kumbuka kuwa kuizima hutoa joto la kuchemsha maji. Tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, kwani itaruka usoni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima, kisha hospitali bila kungoja.

Chota chokaa iliyolowekwa, ongeza maji mpaka iwe kama maziwa, na uichuje kwa kitambaa. Lowesha ukuta kwanza. Paka nyembamba kiasi kwamba ukiwa bado mbichi unauona ukuta chini yake. Wanaoanza hudhani wamekosea na kupaka nene, nayo nene hupasuka. Inapokauka inameta nyeupe. Acha siku nzima, lowesha tena, paka tena, mikono mitatu hadi mitano. Chokaa haikauki kama rangi: inavuta hewa ya ukaa kutoka angani na kugeuka tena kuwa jiwe, na kazi hiyo inahitaji unyevu na muda. Kwa hiyo paka asubuhi mapema au baada ya alasiri, usipake kwenye jua la mchana wala wakati mvua za masika zinapiga ukuta. Miezi ya baada ya masika ndiyo mizuri kwetu.

Kuzuia

Kwanza, wahi. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Kees Keizer, walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya jijini Groningen. Walining'iniza vipeperushi kwenye baiskeli zilizoegeshwa uchochoroni ambako hapakuwa na pipa la taka. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya watu walitupa kipeperushi chini. Ukuta ule ule ulipochorwa, wakawa asilimia 69. Kwa hiyo maandishi yanavuta na takataka. Kule New York, waendeshaji wa treni za chini ya ardhi walianza mwaka 1984 kuzisafisha treni moja baada ya nyingine. Treni iliyosafishwa ikichorwa tena iliondolewa njiani mpaka ifutwe, ili mchoraji asione kazi yake ikipita mjini. Mei 1989 wakaiondoa ya mwisho iliyochorwa.

Lakini nimesema chokaa inataka subira. Yapatanishe hivi: wahi kuficha, chelewa kufuta. Siku ile ile ning'iniza turubai au gunia lililofuliwa juu ya maandishi, hasa yakiwa ya matusi, kisha kazi ya kuvuta rangi ichukue wiki yake.

Pili, tangazo lina namba ya simu. Ipige. Tulimpigia fundi mmoja wa friji, tukamsalimia vizuri, tukamweleza kuwa ukuta ule ni wa mawe ya zamani na kuufuta kunagharimu. Alikuja mwenyewe na ndoo. Alichokuwa anahitaji ni mahali pa kujitangaza, nasi hatukuwa napo. Serikali ya mtaa ikaweka ubao wa mbao karibu na njia ya sokoni, fundi yeyote abandike karatasi yake bure, na karatasi za zamani huondolewa kila mwisho wa mwezi. Baada ya hapo namba kwenye kuta za njia ile zilipungua sana. Anayeelezwa mara mbili na kuendelea, apelekwe kwa mtendaji. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 326.

Tatu, vijana wa kijiwe. Wazee wengi wanaanza na polisi, nami naona wanakosea. Anayeandika jina la kijiwe anataka kijiwe kijulikane. Kaa nao, wape ukuta: wa saruji, wenye idhini ya maandishi ya mwenyewe, si wa chokaa. Bagamoyo ina bahati ambayo miji mingi haina, kwa kuwa TaSUBa ipo hapa hapa, chuo cha sanaa tangu 1981, na wanafunzi wanaojua kuchora hawako mbali. Kijiwe kilichochora jahazi lake chenyewe na kuweka jina chini kitalinda ukuta ule usiku kuliko taa yoyote. Waombe pia wasimamie na kuta mbili za jirani. Kwetu walikubali.

Nne, mambo ya kujenga. Ukuta wa saruji uwe na mkanda wa chini wa rangi ya mafuta, mita moja na nusu kwenda juu. Wino wa maka hutoka humo kwa spiriti na kitambaa. Taa ndogo ya sola konani inasaidia. Maua ya karatasi yenye miiba yanazuia mikono, lakini kwenye nyumba ya chokaa yapandwe mbali na ukuta kiasi cha mita moja, mizizi na maji ya kumwagilia yasifikie msingi.

Mwisho, weka vifaa tayari, kwa sababu maandishi hayatoi taarifa. Sisi tuna boksi moja kwa balozi: brashi mbili laini, sponji, dodoki, spiriti, unga wa chaki, nailoni, glovu, miwani, turubai, na kadi zilizopakwa rangi ya kila nyumba ya saruji zikiwa na namba ya rangi nyuma. Pembeni ipo ndoo ya chokaa iliyolowekwa. Maji yasimame juu ya chokaa kwa vidole vinne, hapo haigandi hata ikikaa miaka. Kila anayechota arudishie maji na kufunga mfuniko.